NILILIPWA KUSIFIA SINDANO ZA KICHINA, SHANGAZI YANGU AKAACHA DAWA ZA PRESHA

Najua mmezoea mkiingia hapa mnakuta ubuyu wa moto: nani kamwagana na nani, nani kahamia Mbezi kwa hela za nani. Leo ubuyu upo, ila unanihusu mimi mwenyewe na wala haunipendezi. Soma mpaka mwisho, halafu ndio unitukane kwenye komenti.

Mnamkumbuka yule dada staa wa Bongo Muvi, jina kapuni, aliyetupia picha amelala kifudifudi, mgongo umejaa sindano kama nungunungu? Akaandika kwamba mgongo uliomtesa miaka miwili umepona. Wiki hiyo hiyo msanii mmoja wa Bongo Fleva, naye jina kapuni, akapanda jukwaani na alama nyekundu za duara mabegani. Wengine mkasema kapigwa na shemeji, wengine mkaenda mbali zaidi. Kumbe kaka wa watu kapiga hijama tu, ile ambayo bibi zetu waliita kuumika.

Mimi nilivyoona ile picha ya sindano sikucheka. Nilitamani.

Nina kipandauso tangu nikiwa kidato cha tatu. Kama hujawahi kuumwa shukuru Mungu. Kinaanza nyuma ya jicho moja, nusu ya kichwa inagonga kama kuna fundi anatoboa ukuta, mwanga wa simu unakuwa kisu, halafu unatapika. Mtihani wa hisabati wa fom foo niliufanya nimeziba jicho moja. Tangu hapo mkoba wangu haujawahi kukosa vidonge vya maumivu. Wengine wanabeba lipstiki, mimi nabeba panado na diklofenaki.

Basi nikaitafuta kliniki, ipo hapa hapa mjini, siitaji jina. Nikaenda.

Niwe mkweli, nilipapenda. Hospitali nilikozoea, daktari anaanza kuandika dawa kabla sijakaa vizuri. Pale mhudumu alinikalisha karibu saa nzima. Analalaje huyu dada, anakula saa ngapi, kichwa kinakuja kabla ya hedhi au baada, nyumbani kuna amani? Akaniangalia ulimi, akanishika mkono akasikiliza mapigo. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za kichwa changu kwa muda mrefu hivyo. Zile sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele, hazina dawa ndani. Unasikia kitu kizito, kama ganzi inayotembea, halafu unasinzia.

Nilirudi mara tano. Ule mwezi kichwa kiliniuma mara mbili tu badala ya mara sita au saba. Nilikuwa nalia kwa furaha kwenye daladala.

Hapo ndipo meneja wa pale akaniita pembeni. Ameona nina wafuasi wengi. Dili likawa hivi: laki na nusu mkononi, tiba kumi za bure, mimi niandike posti moja. Nikamwambia hamna shida, nitasimulia kichwa changu. Akasema sawa, ila weka na hii. Akanitumia orodha kwenye WhatsApp. Sindano zinatibu kichwa, mgongo, magoti, presha, kisukari, ugumba, kiharusi, nguvu za kiume. Chini kabisa: "Bila vidonge."

Nikakopi, nikapesti. Nilibadilisha emoji tu. Na mwisho nikaweka kwamba ukitaja jina la blogu yangu, unapunguziwa.

Posti ilienda balaa. Komenti zikamiminika, watu wanaulizana bei, wengine wanatagi mama zao. Nikajiona nimesaidia jamii.

Sasa kumbe kati ya waliosoma alikuwepo shangazi yangu. Shangazi ndiye aliyenilea kuanzia darasa la nne, baba alipofariki. Anakaa Mbagala, anauza maandazi na chai asubuhi, na ana presha ya kupanda kwa miaka tisa. Dawa zake anachukua kila mwezi, anazimeza kila siku, na kila siku anazilalamikia: zinamchosha, zinamvimbisha miguu, ni utumwa. Bintiye akamsomea posti yangu. Shangazi akaenda VICOBA, akakopa, akaenda kliniki akataja jina la blogu, akapunguziwa. Akalipia tiba sita kwa mpigo.

Na akaacha vidonge. Si imeandikwa bila vidonge?

Hakuniambia. Alitaka kunifanyia sapraizi akishapona.

Wiki ya nne nikapigiwa simu saa kumi na moja alfajiri. Shangazi kaanguka jikoni, mafuta ya maandazi yako motoni. Mungu saidia hakuyaangukia. Walimkimbiza zahanati ya mtaani, kipimo kikasoma 214 juu, 126 chini. Akapelekwa hospitali ya wilaya, akalazwa siku tatu. Hakupata kiharusi. Daktari alisema ilikuwa bahati tu, na alivyotamka neno bahati alikuwa ananiangalia mimi, ingawa hakuwa anajua chochote.

Aliyejua ni nesi wa zahanati. Siku tumerudi kuchukua kadi ya shangazi, akamuuliza, "Mama, nani alikwambia uache dawa?" Shangazi hakunitaja. Binti yake ndiye aliyetoa simu. Nesi akasoma posti yote kwa sauti ya chini, mpaka emoji. Halafu akaniangalia. Hakugomba. Alisema, "Dada, hizi sindano zimefanyiwa utafiti mwingi tu huko nje. Uliusoma kabla hujaandika?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Usiku huo shangazi kitandani akaniambia kitu kimoja, mpaka leo kinanitafuna. "Mwanangu, mimi sikumwamini yule staa. Niliamini kwa sababu umeandika wewe."

Wadau, mimi ni fom foo, tena ya divisheni foo. Sijasomea udaktari, Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Ila lile swali la nesi lilinikaa. Nikafuta posti, nikazama chimbo. Wiki mbili nasoma na kamusi pembeni, nesi yule yule nikimsumbua kwa meseji pale nilipokwama. Hiki ndicho nilichokuta, na nakiandika kwa sababu ndicho nilichotakiwa kukiandika mwanzo.

Nilianza na kichwa, maana ndio ugonjwa wangu. Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2004 kwenye jarida la madaktari linaloitwa BMJ, ukiongozwa na mtafiti Andrew Vickers. Walichukua watu 401 wenye maumivu ya kichwa ya muda mrefu, wengi wao kipandauso kama changu. Hawakuwatoa hospitali kubwa. Waliwatoa kwa madaktari wa kawaida wa mitaani, wale ambao Mwingereza anaanzia kwao akiumwa chochote, kama sisi tunavyoanzia zahanati. Wakawagawa kwa kura. Kundi moja likaendelea na matibabu yake ya kawaida. Kundi la pili likaendelea na matibabu hayo hayo, na juu yake likaongezewa sindano mpaka mara 12 ndani ya miezi mitatu.

Baada ya mwaka, maumivu ya waliopata sindano yalikuwa yamepungua kwa asilimia 34. Wale wengine asilimia 16. Ukipiga hesabu, ni kama siku 22 pungufu za kuumwa kichwa kwa mwaka mzima. Dawa walitumia pungufu kwa asilimia 15, na kwenda kwa daktari kulipungua kwa robo.

Siku 22! Mwenye kipandauso anajua siku 22 ni nini. Ni wiki tatu za maisha unarudishiwa. Kwa hiyo sikuwa naota, kichwa changu kilipata nafuu kweli.

Ila rudia kusoma hapo juu. Sindano ziliongezwa juu ya matibabu ya kawaida. Hakuna aliyefukuzwa kwa daktari wake. Lile neno "bila vidonge" halimo.

Nikaendelea, na hapa ndipo nilipochanganyikiwa. Maana mtu anaweza kusema, wale waliopata sindano walijua wanapata sindano, labda furaha tu ndiyo iliyowapa nafuu. Watafiti nao si wajinga, walishaliwaza hilo. Wakatengeneza sindano feki. Nyingine zinachomwa juu juu tu tena sehemu ambazo Mchina mwenyewe hachomi. Nyingine zina ncha butu inayorudi ndani ya mpini kama kisu cha kwenye muvi, mgonjwa anahisi kachomwa kumbe ngozi haijatobolewa.

Ujerumani wakafanya utafiti mkubwa wa maumivu ya mgongo, majibu yakatoka mwaka 2007. Watu 1,162, makundi matatu. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya kueleweka kwa sindano za kweli ni asilimia 47.6. Kwa sindano feki ni asilimia 44.2. Kwa matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi ni asilimia 27.4.

Nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza. Yaani kuchomwa kunakojua kunakochoma na kuchomwa ovyo ovyo vimelingana karibu sawa, na vyote viwili vimeishinda hospitali!

Kwa hiyo ni uongo mtupu? Hapana, na hapa msinikimbilie. Vickers na wenzake baadaye walikusanya tafiti 39 zenye wagonjwa 20,827 wa mgongo, shingo, magoti, mabega na kichwa, wakazichambua pamoja. Hiyo ni mwaka 2018. Wakakuta sindano za kweli zinazishinda feki, ila kwa tofauti ndogo. Tofauti kubwa ipo kati ya aliyepata sindano na asiyepata kabisa. Maana yake kuna kitu kidogo kwenye sindano, na kuna kitu kikubwa kwenye yale yanayoizunguka.

Yanayoizunguka ni yapi? Huu utafiti ndio ulionipiga zaidi. Boston, Marekani, mwaka 2008, mtafiti anaitwa Ted Kaptchuk. Walichukua watu 262 wenye lile tumbo linalosokota na choo kisichoeleweka, ambalo ukipima hawaoni kitu. Kundi la kwanza likaambiwa subiri, mko kwenye foleni. Kundi la pili likapewa sindano feki na mhudumu mkavu, maongezi hayafiki dakika tano, shughuli imeisha. Kundi la tatu likapewa sindano feki zile zile, ila mhudumu alikaa nao dakika 45 ile siku ya kwanza, akawauliza maisha yao, akawasikiliza, akawapa moyo.

Baada ya wiki tatu, waliosema wamepata nafuu ya kuridhisha: kwenye foleni asilimia 28, kwa mhudumu mkavu asilimia 44, kwa mhudumu aliyesikiliza asilimia 62.

Na hakuna hata mmoja aliyechomwa sindano ya kweli.

Nilikumbuka saa nzima niliyokalishwa pale kliniki. Nikakumbuka na yule daktari anayeandika kabla sijakaa. Simlaumu sana, nje ana foleni ya watu themanini. Lakini nilielewa kwa nini shangazi aliwaacha wale wa kadi na foleni akawafuata hawa. Miaka tisa anachukua dawa, hakuna aliyewahi kumwambia hiyo miguu kuvimba inaweza kuwa ni dawa yenyewe, na kwamba zipo za kubadilishia. Kliniki ya sindano walimpa kiti, wakampa chai, wakamwita mama.

Nafuu ya aina hii ni kweli kwa maumivu. Maumivu yanasikilizwa na ubongo, na ubongo unajua ukihudumiwa kwa upendo. Presha ni jambo lingine. Presha haiumi. Unaweza kujisikia mwepesi kama unyoya, mishipa ndani inapasuka.

Na hili nalo lilishapimwa! Boston hiyo hiyo, utafiti ulioitwa SHARP, majibu yalitoka mwaka 2006. Watu 192 wenye presha ya kupanda walitolewa kwenye dawa taratibu huku wakipimwa na kufuatiliwa kwa karibu, wakapewa mpaka tiba 12 za sindano, wengine za kweli wengine feki. Presha yao ikapimwa. Sindano za kweli hazikuzishinda zile feki.

Majibu hayo yalikuwa wazi kabisa, yanasomeka, wakati mimi nakopi orodha ya meneja. Ingenichukua dakika kumi kuyatafuta. Niliona laki na nusu.

Hata wenye nchi zao wanabadilika wakipata ushahidi mpya. Kule Uingereza kuna taasisi ya serikali inayoandika miongozo ya tiba, inaitwa NICE. Mwaka 2009 walisema mgonjwa wa mgongo anaweza kupewa sindano. Mwaka 2016 wakazitoa, baada ya kuona ile tofauti ndogo na feki. Kwa kipandauso walizikubali mwaka 2012. Ujerumani nao wakaamua bima ilipie sindano za mgongo na goti kuanzia 2007. Ushahidi ule ule, nchi mbili, maamuzi mawili, na wote hawajaandika nguvu za kiume.

Wala sisemi hii tiba ni ya matapeli. Madaktari wa Kichina wapo Zanzibar tangu mwaka 1964 na bara tangu 1968, wengi wetu tuna mjomba au bibi aliyetibiwa nao. Usalama wake pia ulipimwa. Ujerumani walifuatilia wagonjwa zaidi ya 229,000: takriban tisa katika kila mia walipata kero fulani, nyingi ni damu kidogo na uvimbe wa bluu. Wawili mapafu yalitobolewa. Wawili katika watu wote hao ni wachache, ila usikubali kuchomwa kifuani na mtu aliyejifunza YouTube. Na sindano ifunguliwe kwenye pakiti mpya mbele ya macho yako.

Sasa mimi na kichwa changu. Nesi aliniomba kitu kidogo: kila siku nikimeza kidonge cha maumivu niweke alama kwenye kalenda. Mwezi wa kwanza nilikuta alama 19. Akaniambia ukimeza vidonge vya kawaida vya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa mfululizo, vidonge vyenyewe vinaanza kukuletea maumivu ya kichwa. Yaani nilikuwa nazima moto kwa mafuta ya taa, tangu sekondari! Akaniandikia barua nikamwone daktari, nikaanzishiwa dawa ya kuzuia kipandauso kisije. Sasa hivi alama ni sita. Sindano bado nachoma mara moja moja, sehemu nyingine, kwa hela yangu, na daktari wangu anajua.

Shangazi kabadilishiwa dawa, miguu haivimbi. Kila Jumanne ya mwisho wa mwezi nampeleka zahanati mwenyewe, tunakaa foleni pamoja. Deni la VICOBA nalilipa mimi, zimebaki rejesho nne. Ile laki na nusu nilitaka kuirudisha kwa meneja, akaniambia kwa nini unajisumbua dada, posti ilifanya kazi vizuri. Nikaipeleka kwenye deni.

Hajawahi kunisema. Ndiyo inayoniuma. Juzi nikamwambia naandika kila kitu, na watu watanitukana. Akageuza andazi kwenye karai, akasema, "Waache watukane. Andika na saizi ya presha yangu, wajue haikuwa utani."

Nimeandika. 214 kwa 126.

Kama uliiona ile posti ukaenda pale ukaacha dawa ya presha, ya sukari, ya kifafa, ya chochote, tafadhali kesho asubuhi nenda zahanati yoyote ukapime. Ukitaka kuendelea na sindano zako endelea, ila mwambie anayekupa dawa. Na kama ulimtagi mama yako, mpigie simu sasa hivi, usimtumie meseji.

Haya, komenti ziko wazi. Anzeni na mimi, najua nimestahili. Halafu mniambie, nani mwingine hapa alishawahi kuacha dawa kwa sababu ya posti ya mtu?